Kibali Kinakoma Kwenye Mstari wa Njano

Kila asubuhi baba, mlinzi wa duka la dhahabu, alipangusa bastola yake, akaitia kwenye mfuko wa ngozi pamoja na kibali chake, ndipo akanywa chai. Bintiye alikuwa ameizoea bastola hiyo kama alivyozoea birika. Msichana huyo walimwita Gazeti, maana hakupita maandishi bila kuyasoma kwa sauti, hata yale ya kwenye gunia la saruji.

Siku ya safari ya kumwona bibi, aliyekuwa mgonjwa nchi jirani, baba alifanya vilevile. Mkono ulikwenda wenyewe, na mfuko wa ngozi ukalala begini chini ya mashati.

Kituoni mpakani Gazeti alipigwa na butwaa. Mashine ilimeza mabegi, na kwenye kioo yakaonekana ya ndani yote: kijiko, funguo, hata misumari midogo ya kisigino cha kiatu. Kumbe kuna jicho lisilozuiwa na nguo! Kisha akaona bango ukutani, akasoma: "Silaha zitajwe kabla ya ukaguzi. Kibali cha nchi moja si kibali cha nchi nyingine."

Akamvuta baba shati. "Baba, ile ya kazini iko wapi?"

"Kibali ninacho. Tulia."

"Lakini bango linasema..."

"Gazeti, leo funga kurasa!"

Kwenye foleni ya mashine begi lao lilikuwa la tatu, likawa la pili. Alimwogopa baba, ila aliogopa zaidi kurudi nyumbani bila baba. Akalishika begi kwa mikono miwili, akamgeukia ofisa wa mashine.

"Shikamoo, afande. Baba ana bastola ya kazini. Tulikuwa hatujasema."

Ofisa, mama wa makamo, akaisimamisha mashine, na askari akalichukua begi. Baba akamwonyesha kibali kilipo, ndani ya mfuko wa ngozi. Ofisa akakisoma mstari kwa mstari.

"Ni halali, mzee. Lakini uhalali wake unakoma pale," akasema, akionyesha mstari wa njano sakafuni. "Ungeuvuka kimyakimya, ungeshtakiwa kwa kuingiza silaha. Mahakamani 'nilisahau' haikufungulii mlango. Askari atawasindikiza kituo cha polisi. Ikabidhi, uandikiwe hati, ndipo mvuke."

Baba aliutazama ule mstari, mwembamba kuliko kiganja. "Ule tu!" akanong'ona.

Alasiri waliuvuka mikono mitupu. Baba alimshika bintiye bega. "Nilidhani karatasi yangu inatosha dunia nzima, mwanangu. Kila nchi ina sheria yake, na anayeuliza kabla hajavuka haishii rumande. Haya, bango lile pale linasemaje? Soma kwa sauti."