Waliokataa Kujibu

Profesa alilala kifudifudi chini ya meza yake, na nusu ya kichwa chake haikutazamika. Damu ilitapakaa kwenye zulia, kwenye mapazia, hata kwenye ramani ya viwanda iliyobandikwa ukutani. Kando yake lilikuwepo jiwe la tuzo aliyopewa kwa kazi yake ya takwimu za sayansi na teknolojia. Jiwe zito, lenye ncha. Nywele zilikuwa zimegandia juu yake.

"Wizi, afande," Koplo alisema kutoka mlangoni. "Kompyuta yake haipo."

Inspekta alichuchumaa. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye ulimi usio na breki, na miaka yote ile kazini haikumfanya aizoee maiti hata moja.

"Mwizi anapiga, anakimbia. Huyu ameendelea kupiga mtu alipokwisha kufa. Hii ni hasira, Koplo. Na acha kushika hicho kitasa, unafikiri uko kwako?"

Koplo aliondoa mkono haraka.

Daktari wa maiti alifunua midomo ya marehemu kwa kibano. "Jino la mbele limevunjika. Na kuna kipande cha ngozi kati ya meno, si yake. Alimng'ata mtu, tena kwa nguvu zote."

"Umefanya vizuri, dada," Inspekta alimnong'oneza marehemu.

Kwenye meza ya pembeni palikuwa na soda mbili na bilauri mbili safi. Profesa alikuwa akimngoja mgeni, na mgeni wa kupendwa.

Ghorofa ya juu aliwakuta watafiti wawili, wote wanafunzi wa zamani wa marehemu, macho mekundu kwa kulia.

"Aligombana na nani?"

"Mama? Hakuna," alijibu mwenye miwani. "Utatuhoji wote humu, afande?"

"Wote."

"Na watakaokataa kujibu utawaweka wapi?"

Inspekta alimkodolea macho. "Unanifundisha kazi?"

"Samahani, limenitoka tu. Ni swali la Mama. Sisi tunapeleka madodoso viwandani, tunauliza wana watafiti wangapi, wamebuni nini. Wengi hawajibu, na hao nao lazima uwatafutie mahali kwenye hesabu. Kila ukimpelekea Mama kazi, jambo la kwanza anakuuliza hilo."

"Mimi nalitumia hata kwa wanangu," mwenzake alidakia, kisha akaangua kilio tena.

Meza ya tatu ilikuwa haina mtu.

"Hapa hukaa nani?"

"Kipanga. Tunamwita hivyo kwa sababu alitushinda wote darasani. Mama alimlea kama mwanawe. Ila siku hizi hayuko sawa. Aliomba ruzuku awahesabu wabunifu wa karakana za mtaani, mafundi ambao takwimu zetu haziwaoni kabisa. Mfuko wa utafiti ukamkatalia. Bila pesa hizo mradi umekufa, na ndio maisha yake. Amejifungia nyumbani."

"Nani alimkatalia?"

"Wahakiki, wasomi wanaopima maombi. Majina yao ni siri. Mwombaji anapewa maoni tu."

Nyumbani kwake, Kipanga alifungua mlango nusu. Alikuwa kijana mrefu, hajanyoa, na mkono wake wa kulia ulifungwa bandeji.

"Umeumia?" Inspekta aliuliza.

"Nimekatwa na kopo."

"Fungua nione."

Mlango ulimbamiza usoni. Inspekta alisikia pua yake ikivunjika. Koplo aliruka ndani, akapigwa begani kwa pasi ya nguo, akaanguka akipiga mayowe. Pasi ilinyanyuliwa tena, safari hii ikilenga kichwa. Inspekta, damu zikimwagika kidevuni, aliudaka ule mkono wenye bandeji akauminya kwa vidole vyote kumi. Kipanga alilia kama mtoto, akapiga magoti.

Chini ya bandeji palikuwa na alama za meno. Chini ya kitanda palikuwa na kompyuta.

Katika chumba cha mahojiano Inspekta alimpa onyo la kisheria, akaanza, pamba puani.

"Kwa nini?"

"Aliniua yeye kwanza."

"Vipi?"

"Yeye ndiye mhakiki aliyenikatalia. Miaka yote ananiita mwanangu, kumbe anajificha nyuma ya siri anichinje. Hakujua kwamba nitamtambua."

"Ulimtambuaje?"

Kipanga aliinua kichwa. Hata sasa alikuwa na majivuno ya mtu aliyepata jibu kabla ya wenzake.

"Kwa swali lake. Lilikuwamo kwenye maoni, neno kwa neno. Waliokataa kujibu amewaweka wapi?"

Inspekta aliacha kuandika.

"Akanipigia simu, niende ofisini. Alifungua mlango anacheka. Anacheka, afande! Kaa, mwanangu, nina habari. Sikukaa. Nilichukua lile jiwe."

"Akasema nini?"

"Aliniita jina langu. Nikamziba mdomo, akaning'ata. Nikapiga mpaka akanyamaza. Halafu nikaendelea kupiga."

Koplo alibisha hodi, mkono wake umening'inizwa shingoni. Katibu wa Mfuko alikuwa amefika na alitaka kuonana na Inspekta. Inspekta alitoka, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakushika kalamu. Alikuwa amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba alimwonea huruma muuaji yule.

"Hilo swali, asubuhi nimeulizwa mimi, na mwenzako wa ofisini. Kila aliyepita kwa yule mama analo."

"Hapana. Ni lake."

"Mwalimu haruhusiwi kuhakiki andiko la mwanafunzi wake. Kanuni hiyo unaijua kuliko mimi. Aliyekukatalia ni mwanafunzi wake mwingine. Profesa hakuwamo."

Kipanga alitikisa kichwa, akaendelea kukitikisa.

"Ulipokataliwa, Profesa aliwafuata kwenye kamati ya Mfuko. Aligomba, akagonga meza, akawaambia hawajakuelewa. Wakakaa upya. Umepata ruzuku, kijana. Yote. Akaomba wamwachie akuambie mwenyewe."

"Unanidanganya."

"Katibu yuko hapo koridoni. Nimwite akuambie?"

Kipanga aliutazama mlango. Alikunja ngumi mpaka damu ikaanza upya kupenya kwenye bandeji, ikadondokea mezani.

"Usimwite," alisema.