Uzi wa Pindo

“Popo, yai linachemka.”

Redio ikakoroma, ikanyamaza.

Popo alikanyaga gia, pikipiki yake ya Yamaha ikaruka tuta. Maana ya maneno hayo aliijua: lori la makombora lilikuwa limetoka, na mateka ameachwa ghalani na bomu. Wasafirishaji wa magendo walikuwa wametoa onyo kwamba lori likisimamishwa, watalilipua ghala kwa simu. Likivuka mpaka, basi tena.

Mateka alikuwa mkaguzi wa forodha, yule aliyeyafichua makombora chini ya mifuko ya saruji.

Zamani alikuwa mke wa Popo.

Mlinzi mmoja mlangoni mwa ghala. Kitako cha bastola ya Beretta kilimlaza bila kelele.

Mkaguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma, waya umemzunguka kiunoni na kufungwa nyuma. Akamtazama Popo.

“Umekonda,” alisema.

“Usitikisike.”

Miaka sita hawajaonana, na hilo ndilo neno alilopata kumwambia. Popo alijichukia kidogo, kisha akapiga magoti.

Mtego ulikuwa wa mtu mwenye akili mbaya. Betri ilipitisha umeme katika waya hadi kwenye kisanduku cha bomu. Umeme ukizidi, mlipuko. Ukipungua mno, mlipuko. Waya ukikatwa hivi hivi, kwaheri ya kuonana. Akachomeka kipimo chake cha umeme cha Fluke. Miliampia tano. Mpaka wa chini, kwa mitego ya kundi hili, ulikuwa nne, na betri ilikuwa inakata roho.

Kisanduku kilihitaji kulishwa kutoka kwingine, kwa mkondo usiopanda wala kushuka. Popo akatoa transista mbili, rezista, betri mpya na chuma cha kulehemu cha gesi. Transista ya kwanza huweka kiwango cha umeme, ya pili humwiga mwenziwe. Moshi wa risasi ya kulehemu ukampanda puani. Kazi hii aliwahi kuifanya mara nyingi kwenye meza ya jikoni, enzi zile alipokuwa na jiko lenye mtu.

Akabana saketi yake kwenye kisanduku. Akakata waya.

Kimya.

“Toka,” alisema.

Mkaguzi alisimama, akapiga hatua mbili. Popo akatazama kipimo. Nne nukta nane. Nne nukta sita. Mwanga wa jua uliopenya tundu la bati ulikuwa umeiangukia transista ya kwanza, na moja ikipata joto peke yake, hesabu yote huharibika. Akazibana zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada, mgongo kwa mgongo, zishiriki joto moja. Namba zikapanda, zikatulia kwenye tano.

Sasa hakuweza kuachia.

“Nenda,” akasema. “Ukifika nje waambie walikamate lori.”

“Wakilikamata, wale watapiga simu. Na wewe?”

Nyumbani kwa Popo hakukuwa na mtu wa kuuliza amechelewa wapi.

Mkaguzi akarudi, akainama. “Hukuzifunga.”

“Kufunga ilikuwa kazi yako.”

Ni kweli. Vidole vya Popo ni vinene, na siku zote mkewe ndiye aliyezifunga transista kwa uzi wa kushonea. Alipoondoka, Popo alibaki na kila hatua ya kazi ile isipokuwa hiyo moja.

Mkaguzi akafumua uzi kwenye pindo la gauni lake. Akauzungusha chini ya vidole vya Popo, taratibu, akakaza fundo kwa meno. Nywele zake zilimgusa shavuni. Popo alitamani fundo lile lichukue siku nzima.

“Achia,” mkaguzi alisema.

Akaachia. Tano. Haikutikisika.

Wakatoka mbio. Walipoufikia ukuta wa mbali, Popo akabonyeza redio.

“Mkuu, yai limeiva. Kamateni lori.”

“Tumelibana. Dereva chini, mzigo salama.”

Mtu mmoja akawahi kupiga simu. Ghala likapaa nyuma yao, bati na saruji na lile fundo, vyote pamoja.

Kwenye kizuizi cha polisi mwanaume mwenye miwani alikuwa analia. Mkaguzi akamkimbilia. Kisha akageuka.

“Popo, njoo nikujulishe kwa mume wangu.”

“Siku nyingine. Mpeleke nyumbani, anatetemeka.”

Akavaa kofia ya pikipiki. Kipande cha uzi kilikuwa kimenasa kwenye kidole gumba. Akakiacha hapo hapo, akawasha Yamaha, akaondoka bila haraka, maana hakukuwa na pa kuwahi.