Vidonge Sita kwa Siku

Jumatatu wateja wa saluni huwa wachache. Siku hiyo msusi aliketi kwenye kiti cha wateja ili mdogo wake amsuke. Mdogo wake alikuwa hafungi mdomo, ndiyo maana walimwita Chiriku.

Ghafla Chiriku akanyamaza.

"Vipi, umemeza ulimi?" msusi akamtania.

Chiriku alimwonyesha chanuo. Fungu zima la nywele lilikuwa limeng'oka.

 Msusi akajishika kichwa. Nywele nyingine zikabaki vidoleni.

"Na kucha zako zinakatika, dada. Na siku hizi unanuka kitunguu saumu mdomoni. Niliona haya kukwambia."

"Sijala kitunguu saumu mwezi mzima!"

"Sasa unakula nini?"

Msusi akatoa kopo la vidonge mkobani. Mama yao alifariki kwa saratani ya matiti. Mwaka uliopita msusi alipimwa, akaambiwa amerithi kasoro ya vinasaba inayoongeza hatari ya ugonjwa huo. Alipangiwa kupigwa picha ya matiti kila mwaka. Aliogopa, hakwenda. Badala yake alinunua vidonge vya madini yaitwayo seleniamu. Muuzaji alimwapia kwamba vinazuia saratani. Kopo liliandikwa kidonge kimoja kwa siku. Yeye alimeza sita.

Kesho yake wakaenda hospitali. Daktari, mama wa makamo, alisikiliza habari yote ya kasoro, picha na vidonge, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipokuja, aliyasoma mara mbili.

"Mama, seleniamu imejaa kupita kiasi katika damu yako. Imeshakuwa sumu."

"Sumu? Si ni kinga?"

"Mwili unaihitaji kidogo sana. Watu wengi huipata ya kutosha kwenye chakula. Ikipungua ni taabu, ikizidi ni taabu vilevile."

"Lakini nimesikia inahusika na kuzuia saratani."

"Wataalamu bado wanachunguza kama madini ya kwenye damu yanahusiana na saratani kwa wanawake wenye kasoro kama yako. Jibu la uhakika bado. Ila hakuna kidonge cha madini kinachofuta kasoro uliyozaliwa nayo. Usimeze kitu bila kutuuliza."

"Basi nifanye nini?"

"Vidonge, acha leo. Na ile picha, tupige leo leo."

Picha ilionyesha uvimbe mdogo kama punje ya dengu. Wakachukua kipande, wakakipima. Ilikuwa saratani.

 Chiriku akamshika dada yake bega.

"Nimekwisha," msusi alinong'ona.

"Hujaisha," daktari alisema. "Tumeiwahi. Ungekaa miaka mingine na kopo lako, tungekuwa tunaongea mengine."

Alifanyiwa upasuaji, akafuata matibabu mpaka mwisho. Miezi ikapita. Kucha zikakomaa, nywele zikaota upya. Siku moja daktari alitazama picha mpya, akatabasamu. Hakuona dalili ya saratani. Akampa tarehe ya kurudi kupimwa, na safari hii msusi aliiandika kwa mkono wake.

Alitoka mbio kumwambia mdogo wake. Chiriku alikuwa benchini, kimya, bila hata kumwuliza majibu.

"Nimepona, wewe! Inuka twende nyumbani."

"Tangulia, dada. Nimeandikisha jina. Nataka kujua kama na mimi nimerithi kasoro ile. Naogopa."

Msusi aliweka mkoba chini. Akaketi, akamshika mkono.

"Basi tuogope wote wawili," alisema, "lakini humu humu hospitalini."