Safu ya Matakwa

Kofi la kwanza lilisikika saa nane mchana, ndani ya chumba cha mashine za kompyuta ambamo hamkuwa na mtu.

Chou Yun-pei aliacha kula wali wake, vijiti mkononi. Likaja kofi la pili. Kisha harufu ya pombe kali ya mchele, ile ya bei ya chini, ikapenya chini ya mlango.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Feni hiyo," bosi wake, Liao, alijibu bila kuinua macho. "Kula, dada, chakula kinapoa."

Feni! Yun-pei alikuwa amelala na kuamka na sauti ile miaka kumi na minane. Kiganja kikubwa, shavu jembamba, halafu kimya, maana mama yake hakukubali kulia mbele ya mtoto. Baba alikufa kwa ini lililoharibiwa na pombe hiyo hiyo, na mama akafuata miaka kumi baadaye. Majivu yao yalihifadhiwa kwenye nyumba ya majivu kilimani, nje ya mji wa Tainan, na Jumanne iliyopita mitungi yote elfu nne ilihamishiwa jengo jipya kwa kufuata faili ya kompyuta iliyotayarishwa katika ofisi hii.

Aliifungua faili hiyo. Katika jedwali la zamani, safu ya matakwa ilikuwa na maneno ambayo mama aliyasema mwenyewe kitandani hospitalini: mbali na mume wangu, ghorofa nyingine, hata karibu na choo. Mikato miwili. Katika faili ya namna hii mkato ndio ukuta kati ya safu na safu, kwa hiyo maneno yenye mikato ndani yake hufungwa kwa alama za kunukuu, yasije yakajenga kuta pasipotakiwa. Yun-pei alikuwa ameandika programu ya kuyafunga. Liao, kwa kuiwahi siku njema, ile ya bahati iliyochaguliwa kwenye kalenda kwa kuhamisha wafu, aliiruka programu hiyo akamwaga jedwali zima bila kufunga kitu. Mstari wa mama ukakatika vipande vitatu, namba ya kishubaka chake, tundu la ukutani la kuwekea mtungi, ikasukumwa nje, na mfumo mpya, ulipokuta mstari usioeleweka, ukafanya kama ulivyofundishwa: ukamlaza na mwenzi wake wa ndoa.

"Umemrudisha mama yangu kwa yule mtu."

"Mtu gani tena?"

"Aliyempiga miaka thelathini! Anampiga sasa hivi, humo ndani, na wewe unaniambia feni!"

Liao alishusha sauti. Uso ulikuwa umempauka. "Taratibu, dada. Juzi umeanza mwezi wa saba wa kalenda ya kale. Nani atagusa mitungi mwezi wa mizimu? Ngoja uishe, tutatafuta siku njema."

"Siku yako njema ndiyo iliyotufikisha hapa. Kaa nayo!"

Alipanda pikipiki yake kwa hasira hadi kilimani. Bibi Kang, mtunza funguo, alimfungulia kishubaka cha watu wawili kisha akageukia ukuta na kufumba macho. "Kalenda inasema aliyezaliwa mwaka wa mnyama wangu haruhusiwi kutazama mtungi ukihamishwa leo," alinong'ona. "Muulize mama yako kwanza, mwanangu. Usimbebe bila ridhaa yake."

Yun-pei alirusha sakafuni vibao viwili vyekundu vya kuulizia wafu. Kimoja kililala kifudifudi, kingine chali: ndiyo. Akarusha tena, ndiyo, na mara ya tatu, ndiyo, upesi upesi, kama mtu anayekimbilia mlango. Aliubeba mtungi wa mama kifuani akapanda ngazi, na nyuma yake harufu ya pombe ikapanda naye, kidato kwa kidato, na viatu vizito vikaanza kukokota kwenye korido isiyo na mtu, vikisimama anaposimama, vikienda anapokwenda, mpaka alipoubamiza nyuma yake mlango wa chuma wa ghorofa ya juu, na vile viatu vikabaki upande wa pili, vikizunguka.

Alimweka mama kwenye kishubaka kitupu, akarudi ofisini kabla jua halijashuka. Akaitoa faili upya kwa programu yake, akakuta mistari sitini na mmoja iliyokuwa imevunjwa, akaipitia mmoja mmoja. Kwenye mstari wa mama aliandika kishubaka kipya. Ndipo akauona mstari wa baba. Safu yake ya matakwa ilikuwa tupu tangu alipokufa. Sasa ilikuwa na maneno, yamefungwa vizuri, mikato yote salama:

"Mke wangu yuko wapi, Yun-pei, nakuuliza."

"Nani kaandika hayo?" Liao aliuliza kwa sauti iliyokatika.

 Yun-pei alikuwa ameelewa kwamba yule mtu yumo ndani ya jedwali, naye anajua kusoma. Alifuta ghorofa ya mama, akafuta namba ya kishubaka, kisha akafuta nakala zote za akiba. Sasa mahali alipo mama palibaki kichwani mwake peke yake.

Harufu ilijaa chumba. Kofi likatua, safari hii shavuni mwake, na Liao akaona alama za vidole vinne zikivimba pale pale, mchana kweupe.

Yun-pei alifuta damu mdomoni. Kwa mara ya kwanza maishani alimtazama baba yake pale alipodhani amesimama.

"Piga," alisema. "Piga mpaka mkono ukuoze. Sisemi."