Taa ya Kupandia

Jinshui aliamka siku hiyo akiwa hana ugomvi na mtu, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Alikunywa maziwa ya soya, akatia popoo shavuni, akainua mlango wa bati wa karakana yake na kushika drili. Mbele yake ilisimama pikapu ndogo ya buluu ya marehemu baba yake, ikisubiri kutobolewa.

Umeme wa magari ndio uliomlisha kwa miaka ishirini na mitano. Wachuuzi wa masoko ya jioni, kuanzia mji wa Tuku mpaka ule wa Huwei, walimletea pikapu zao awafungie taa na spika, na walivumilia ulimi wake kwa sababu nyaya zake hazikuungua hata siku moja. Muuza kuku wa kukaanga angeambiwa kwamba anahitaji mwanga mkali ili wateja waone vizuri wanachokuja kukijutia. Angecheka, angelipa, na mwakani angerudi.

Lakini pikapu hii haikuletwa na mteja. Mama yake ndiye aliyeagiza.

"Funga taa bodi nzima," alimwambia. "Na moja ndogo chini, kwenye lango la nyuma, pale mtu anapokanyaga akipanda. Macho ya baba yako yalikuwa yameshakwisha."

"Marehemu hapandi magari, Mama."

"Akiitwa, anapanda."

Mzee Liao Wanlai alikuwa na miezi sita tangu afariki. Alikuwa anarudi na mzigo wa viazi vitamu, kifua kikambana kwenye barabara ya ukingo wa mto, na watu walimkuta ameegemea usukani, injini bado inanguruma. Kuhani aliitwa palepale kuichukua roho, na Kunshan, mtoto wa kwanza, aliyekuja mbio kutoka jiji la Taichung, akashika udi. Roho ya mtu aliyefia njiani haivuki maji isipoambiwa. Kwa hiyo kila mnapofika darajani mtoto hupaza sauti: Baba, tunavuka daraja, tufuate. Kutoka ukingoni hadi nyumbani kwa akina Liao kuna madaraja matano. Kunshan aliita kwenye manne tu.

La tano ni bamba la zege tu juu ya mfereji wa mashamba, limefunikwa na magugu kiasi kwamba mgeni hupita bila kujua amevuka kitu. Ukisimama pale unaliona paa la nyumba. Mfereji wenyewe una sifa mbaya: umekwisha kula watu, wengine wa kijijini, wengine wasiojulikana walikotoka, na wazee husema aliyezama mle hana njia ya kutoka mpaka amvute mwingine ashike nafasi yake. Siku ile, walipolikaribia, Kunshan alikuwa amegeuka anamfokea mdogo wake kwamba karakana ni mali ya mzaliwa wa kwanza. Jinshui aliliona daraja likija. Akafunga mdomo makusudi. Alitaka aibu imwangukie yule kipenzi cha baba, na alijua kabisa anachofanya.

Alikuwa na sababu zake. Mwaka mmoja kabla, mbele ya wateja, mzee alisema ana mtoto mmoja tu na yuko Taichung. Jinshui aliapa hatamwita tena Baba, akawa anamwita "mzee huyo", hata kwenye mazishi.

Aliyeumia ni mama. Kila mwezi ukiandama na kila ukikamilika aliweka wali kwenye madhabahu ya mababu, akapiga magoti, akarusha vile vipande viwili vya mti vyenye tumbo upande mmoja na ubapa upande wa pili. Kimoja kikilala na kingine kikibinuka, jibu ni ndiyo. Aliuliza, "Mume wangu, umekuja kula?" Vyote vilibinuka matumbo juu. Hapana. Miezi sita, hapana. Alikonda, akaacha kuoga kwa wakati, akawa anakaa kizingitini akitazama barabara. Mganga wa hekaluni akamwambia mzee anaiona nyumba, ila haoni pa kupanda.

Basi Jinshui alifanya kazi. Alitoboa kuta za bodi, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu na kulivika mpira ili chuma kisikate waya. Akabandika mikanda ya taa nyeupe chini ya kingo, pande zote tatu, akafunga spika ya honi juu ya kibanda cha dereva na maiki karibu na usukani. Ile taa ya kupandia aliifunga kwa kitufe kama cha mlango wa friji: lango likishushwa inawaka, likifungwa inazima. Aliijaribu mara kumi, lango juu, lango chini, na kila mara ilimtii.

Siku ya tatu, jua likiwa limeelekea kuzama, walitoka. Mama alikaa kando yake na udi mkononi, nywele amezichana vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa amepaka mafuta ya midomo. Kumwona hivyo kulimuuma Jinshui kuliko alivyotarajia.

Walianzia ukingoni mwa mto. Kwenye daraja la kwanza alishika maiki akasema, "Tunavuka daraja."

"Sema Baba," mama alinong'ona.

"Anajua nasema na nani."

Daraja la pili vilevile, la tatu vilevile, la nne vilevile. Mama aliomba, kisha akachoka kuomba. Walipokaribia magugu, Jinshui alipunguza mwendo. Mama hakuwahi kulihesabu lile bamba kuwa daraja. Jinshui alijua. Angeweza kusema neno moja tu na yote yakaisha. Neno lenyewe lilimgomea.

"Tunavuka daraja," alisema kwenye maiki. "Aliyepo apande."

Springi za nyuma zilishuka.

Zilishuka taratibu, upande wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, kama gari linavyoshuka mtu mzima akipanda. Jinshui alitazama kwenye kioo. Lango lilikuwa limefungwa. Taa ya kupandia ilikuwa inawaka.

"Amepanda," mama alisema, akaanza kulia.

Ndani ya kibanda paliingia harufu ya tope.

Nyumbani vipande vilianguka kimoja kimelala, kimoja kimebinuka. Ndiyo. Mama alirusha mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa ndiyo. Alicheka, akampapasa mwanawe shavuni, akala mabakuli mawili ya wali na machipukizi ya mianzi. Jinshui alijiambia basi, deni limekwisha, na hakuna aliyehitaji kujua.

Asubuhi alikwenda kupangusa bodi. Akaiwasha mikanda ya taa ili aone vizuri, kwa kuwa karakana ilikuwa bado na kiza. Kwenye sakafu ya chuma palikuwa na nyayo za maji, jozi moja, zikielekea langoni. Aliinama. Akahesabu vidole vya mguu wa kulia: vitano. Akahesabu vya mguu wa kushoto.

Vitano.

Mzee Liao alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto na mashine ya kulimia, mwaka ambao Jinshui alianza shule. Kijiji kizima kilimjua kwa huo mguu. Jinshui alichukua kitambaa akafuta nyayo, akafuta tena, kisha akakitupa kitambaa. Hakumwambia mama.

Siku zilizofuata wali wa madhabahuni ulikutwa umelowa, na chini ya bakuli kulikuwa na maji yenye mchanga. Mama hakuona ubaya. Alikuwa na furaha. Alipika, aliimba kidogo, alizungumza na kiti kitupu. Jinshui alimsikia kutoka karakana, na mara moja alisikia mama akinyamaza katikati ya maneno, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

Siku ya tano tangu safari ile, mama akamwambia mwanawe, kwa haya kidogo, "Baba yako anasema nyumba ina joto. Anataka twende tukakae mferejini. Anasema maji ni baridi vizuri."

"Mama, huendi popote."

"Ananibembeleza, Jinshui. Hajawahi kunibembeleza."

Jinshui alifunga geti kwa kufuli. Siku ya sita mvua ilinyesha tangu mchana. Jinshui alikuwa chini ya gari la mteja, tochi mdomoni, alipoona mwanga mweupe ukitambaa sakafuni. Taa za pikapu ya baba zilikuwa zimewaka zote. Alitoka chini ya gari.

Mama alikuwa ameketi ndani ya bodi, katikati ya taa. Peku. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa vizuri sakafuni chini ya lango. Nywele zilimlowa na kutona maji, ilhali karakana ilikuwa na paa na nje hakutoka. Mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo kando yake. Vidole vilikuwa vimekunjwa, kama vimeshikwa.

"Anasema twende sasa," alinong'ona.

Jinshui alimnyanyua. Alikuwa mzito, mzito mno kwa mwanamke aliyekonda vile, na ule mkono haukutaka kuja. Aliuvuta. Ukaachia. Alimsukumia ndani ya kibanda, akafunga mlango, akawasha gari. Springi za nyuma zilikuwa bado zimelala.

Mita mia tatu hadi mferejini, alikobaki mzee wa kweli. Mvua ilikuwa imejaza mfereji mpaka usawa wa zege. Alisimama juu ya bamba, katikati kabisa. Mama alikuwa anatafuta kitasa cha mlango, polepole, huku akitabasamu. Jinshui alimshika kifundo cha mkono kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akashika maiki.

Alifungua mdomo.

Kitasa kililia.

"Baba," alisema.

Spika ililipeleka neno hilo mashambani kote.

"Baba. Liao Wanlai. Ni mimi, Jinshui. Siku ile daraja hili nililiona. Kaka hakuliona, mimi nililiona. Nilinyamaza makusudi ili aaibike. Nimekuacha hapa miezi sita, nyumba unaiona. Nisamehe. Tunavuka daraja, Baba. Mama anazama. Panda."

Mama aliacha kutabasamu. Aligeuka akamtazama mwanawe, na macho yalikuwa yake mwenyewe, na alikuwa amesikia kila neno.

Springi zilishuka. Upande wa kulia kwanza, kisha kidogo, kwa kuchechemea, wa kushoto.

Jinshui alingoja zipande. Alingoja yule wa kwanza ashuke. Mvua ilipiga paa. Alihesabu mpaka mia.

Hazikupanda.

Aliendesha nyumbani kwa mwendo wa kutembea, gari likiwa limelala nyuma. Vipande vilisema ndiyo. Sakafuni, kutoka karakana hadi madhabahuni, zilikwenda nyayo za mtu mwenye vidole vitatu mguu wa kushoto, na usiku huo mama alilala fofofo. Hakuutaja mfereji tena, wala mkono wake haukuinuliwa tena na mtu. Mzee alikuwa amefika kwake, na mkewe alikuwa chini ya ulinzi wake.

Nyayo za pili hazikwenda madhabahuni. Zilikata kushoto, kwenye korido, hadi mlango wa chumba cha Jinshui. Zilikuwa zimeelekea ndani. Za kutoka hazikuwepo.

Kesho yake alikwenda kwa kuhani kuomba huyo mwingine aondolewe. Kuhani aliuliza jina la marehemu. Jinshui hakulijua. Kuhani akauliza, kama humjui, ni nani aliyemwalika? Jinshui alirudi nyumbani.

Aling'oa kila kitu. Mikanda, spika, maiki, nyaya zote mpaka kwenye betri. Matundu aliyaziba na kuyapaka rangi. Ile taa ya kupandia aliiweka juu ya rafu, peke yake, nyaya zake fupi zikining'inia bila kushika chochote. Wateja wanaokuja kuchukua magari yao jioni humwuliza kwa nini anaacha taa inawaka mchana kutwa mpaka usiku. Siku hizi hawamtanii, naye hawatanii tena.

Mama hajamsemesha neno tangu darajani, isipokuwa mara moja. Ilikuwa jioni ile ile ya kuhani, wakati wa chakula. Aliweka bakuli la mume wake madhabahuni. La kwake akaliweka mezani. La tatu, lililojaa mpaka juu, akaliweka mahali ambapo Jinshui amekaa tangu utoto, akaweka na vijiti vya kulia juu yake. Jinshui akavuta kiti akae.

"Hilo si lako," mama alisema bila kumtazama. "Ulimwita wewe. Mpishe."

Jinshui alitazama kiti. Kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa bado yanatona.