Breki Ngumu za Gari la Halimah

Kila siku kabla ya adhuhuri, Halimah hupakia sufuria zake kwenye gari. Ana gurusa, ile mikate laini ya Wanubi. Ana maharage na mchuzi wa nyama. Hutoka Bugolobi akaenda soko la Owino, ambako wachuuzi humsubiri kwa njaa na maneno mengi. Kazi hiyo ni yake mwenyewe, naye anaipenda. Bila gari, haiwezekani.

Gari lenyewe ni dogo na la siku nyingi. Lilikuwa la petroli, na petroli ilikula faida yote. Kwa hiyo mumewe, Kamis, alilipeleka kwa fundi Shafiq. Shafiq alitoa injini ya petroli, akaweka ya dizeli. Kweli, matumizi ya mafuta yakapungua. Kamis akatamba mtaa mzima, utadhani injini ameiunda yeye.

Lakini breki zikawa ngumu.

"Baba Jannat, hii breki inakataa," Halimah alimwambia. "Nakanyaga mpaka goti inauma."

Kamis, pande la mtu, akacheka. "Dizeli ni injini ya nguvu, mama. Inataka mguu ya nguvu. Mbona mimi nikikanyaga inasimama?"

Kamis huuza viatu vya mitumba. Siku hiyo alirudi na mabuti mazito ya kiume. "Vaa hizi," alimwambia mkewe. "Zitakusaidia kukanyaga."

Na Halimah, maskini, akayavaa! Sokoni walimcheka mpaka wakachoka. Breki zikabaki vile vile. Pole pole Halimah akaanza kuamini kwamba kasoro ni yake.

Siku moja alikuwa akiteremka kuelekea Kabalagala. Mbele yake bodaboda ilisimama ghafla. Ilikuwa imempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Halimah akakanyaga breki. Gari likaendelea kwenda. Akakanyaga kwa miguu yote miwili huku akipiga kelele. Gari likaendelea. Akakata usukani, gari likaacha barabara na kujikita kwenye rundo la mchanga.

Sufuria zilipinduka zote. Hakuna aliyeumia. Halimah akampigia mumewe simu akiwa bado kwenye kiti cha dereva.

Kamis alikuja mbio. Alifuatana na jirani yao Nerima, ambaye hufundisha ufundi wa magari chuoni.

"Alhamdulillahi, uko mzima," Kamis alisema, akamshika mkewe mabega. "Lakini basi, mama. Hiyo mguu yako haiwezi. Kuanzia leo usiendeshe tena."

Halimah aliinamia usukani. Machozi yalimlengalenga. Biashara yake ilikuwa imekwisha hapo hapo, kando ya barabara.

"Ngoja kwanza, Baba Jannat," Nerima alisema. "Mbona unalaumu mguu na gari hujaipima? Dada Halimah, zima injini. Kanyaga breki, achia, kanyaga tena, mpaka iwe ngumu kabisa. Haya, usitoe mguu. Sasa washa injini. Pedali imeshuka?"

"Haijashuka hata kidogo."

"Ingekuwa nzima, ingeshuka kidogo chini ya mguu wako. Zima, tufungue boneti."

Nerima alionyesha kopo kubwa jeusi la duara. "Hii inaitwa busta. Ndiyo inasaidia mguu wa dereva. Lakini haifanyi kazi mpaka hewa iliyo ndani yake ivutwe. Injini ya petroli inavuta hiyo hewa yenyewe. Ya dizeli haiwezi, lazima iwe na pampu yake ya kuvuta. Sasa angalia huu mpira wa busta, hewa inavutwa kupitia hapa."

Kamis akainama. Mpira haukwenda popote. Mwisho wake ulikuwa umezibwa kwa bolti.

"Lakini mimi nikikanyaga inasimama!"

"Wewe una nguvu nyingi. Na bado hujakutana na mtu wa kusimama ghafla mbele yako. Siku hiyo ikifika, hata wewe utashindwa."

Kamis aliigusa ile bolti kwa kidole. Kisha akamgeukia mkewe. "Nisamehe, Mama Jannat. Ulinieleza, mimi nikakuletea mabuti."

Gari halikuwashwa tena. Lilibebwa juu ya lori hadi gereji ya Shafiq. Shafiq alipoona ile bolti, alijikuna kichwa.

"Injini ilikuja bila oltaneta," alisema. "Nikafunga ile ya zamani ya petroli, bado ilikuwa inachaji betri vizuri. Mpira ukakosa pa kuingia, nikauziba."

"Ya petroli inachaji tu," Nerima alimweleza. "Oltaneta ya injini hii ina pampu ya hewa nyuma yake. Uliikosa hiyo."

Shafiq hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu. Alitafuta oltaneta yenye pampu, akaifunga, akaunganisha mpira wa busta. Nerima akamwambia akague na springi za mbele, kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito zaidi. Kamis naye akaambiwa apeleke namba ya injini mpya iandikwe kwenye kadi ya gari.

Kisha Halimah aliingia, akakanyaga breki kama alivyoelekezwa na Nerima, akawasha. Pedali ikashuka. Akazunguka uani na Kamis kando yake, akagusa breki kwa ncha ya mguu. Gari likasimama papo hapo, nusura Kamis agonge kioo kwa paji la uso. Halimah akacheka na kulia kwa pamoja.

Shafiq hakucheka. "Kuna gari ingine," alimwambia Kamis kwa sauti ndogo. "Niliifanya hivi hivi. Ya rafiki yako Tajudin. Bibi yake Lailah ndiye anapeleka watoto shule."

Kamis alipiga simu mara moja, akaweka sauti wote wasikie.

"Breki ngumu?" Tajudin aliuliza. "Aa, hiyo ni Lailah tu. Analalamika kila siku. Mguu yake haina nguvu."

Kamis alimtazama mkewe. Halimah akachukua simu mkononi mwake.

"Shemeji, nipe Lailah mwenyewe."

Wakangoja. Sauti ya mwanamke ikaitika.

"Lailah, dada yangu," Halimah alisema, "mguu wako hauna shida yoyote. Usiguse hiyo gari. Tunakuja."