Kaseti Iliyong'olewa Jino

Deki ya video ya Abdille ilinuka uunsi, ule ubani wa Kisomali, kabla haijachomekwa kwenye stima. Hapo ndipo fundi Abshir angepaswa kukusanya waya zake aende. Lakini jamaa aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu, kama alivyopenda kusema, walimu walikuwa wanamchelewesha, ataogopaje moshi wa akina mama?

"Sharifo, umeifukiza mashine?" aliuliza.

"Mimi uunsi hunipigisha chafya," Sharifo alijibu kutoka jikoni. "Nyumba hii haijafukizwa tangu marehemu aondoke."

Marehemu alikuwa Kaaha, mke wa kwanza wa Abdille. Alifariki mwaka tisini na mbili. Sharifo aliolewa baadaye, akaikuta nyumba ina vyombo vya mwenzake, na hakuvitupa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Watu wa televisheni walipita soko la mifugo la Garissa, wakamhoji Abdille juu ya ngamia. Kipindi kilikuwa kitoke Jumamosi jioni, na Abdille alikuwa na safari ya Elwak. Basi akaacha kaseti mpya, bado imevaa nailoni, na maneno machache: "Mwiteni Abshir anirekodie. Nikirudi nataka kujiona."

Nani mwingine angeitwa? Mji mzima ulijua kwamba antena ikigoma, ni Abshir. Deki ikila mkanda, ni Abshir. Kama hukujua, yeye mwenyewe angekwambia. Alikuwa na jaketi la ngozi alilovaa kwenye lile joto letu, na picha yake ya studio ilitundikwa sebuleni kwa mama yake, Saynab, ambaye hakuwa na mtoto mwingine.

Jumamosi hiyo Abshir akatoa waya wa antena nyuma ya televisheni, akaupitisha kwenye deki, kisha akatoa waya mwingine kwenye deki kuurudisha kwenye televisheni. Akatafuta stesheni. Picha ikaja safi. Kaseti mpya, hata hivyo, ilikuwa imeshaingia kwenye begi lake. Alikuwa na filamu ya Kihindi ya kunakili, na kaseti mpya haziokotwi barabarani. Akafungua kabati, akavuta kaseti iliyofungwa ndani ya mtandio mwekundu.

"Hiyo usiguse, walaal, ndugu yangu," Sharifo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la kutawadhia mkononi. "Ni harusi ya Kaaha. Hana picha nyingine duniani. Kijino cha nyuma alikivunja mwenyewe, isirekodiwe kitu juu yake. Wanasema alikuwa akicheka, akisema atakayenifuta, nami nitamfuta."

"Sawa, mama. Naangalia tu."

"Angalia kwa macho, basi. Mikono iweke mfukoni."

Adhana ya magharibi ikalia, Sharifo akaenda kuswali. Abshir akaigeuza kaseti. Kweli, pale mgongoni palikuwa na pengo. Kaseti isiyo na kijino deki haikubali kurekodi juu yake. Lakini ukiziba pengo kwa selotepu, deki inadanganyika kama mtoto. "Hata mzee kibogoyo huwekewa meno," akajiambia, akaziba, akaisukuma ndani. Taa nyekundu ikawaka. Kutoka kwenye mdomo wa deki likatoka joto kidogo, kama mtu aliyeachia pumzi aliyoizuia siku nyingi, na harufu ya uunsi ikajaa chumba.

Kesho yake mchana, saa ambayo Garissa yote imelala kwa jua, alirudi kuhakiki. Sharifo alikuwa chumbani. Abshir akapunguza sauti, akabonyeza.

Abdille akatokea, tumbo mbele, akisifu ngamia wake. Nyuma yake, kati ya ngamia, alisimama mwanamke aliyejifunika mtandio mwekundu, amewapa mgongo. Abshir hakukumbuka kumwona huyo jana. Akarudisha nyuma, akacheza tena. Sasa alikuwa amegeuka nusu. Akarudisha tena. Sasa Abdille hakuwepo, ngamia hawakuwepo, alikuwepo mwanamke peke yake, uso kwa uso naye, na midomo yake ikicheza bila sauti ila ule mvumo wa stesheni iliyofungwa, shhh, shhh.

"Sharifo," Abshir aliita chini chini. "Sharifo, huyu nani?"

Akabonyeza kitufe cha kutoa kaseti, deki ikakataa, akachomoa waya ukutani lakini picha ikabaki palepale, na yule bibi harusi akainua kidole kilichopakwa hina, akakiweka juu ya midomo yake, akapangusa polepole kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anayefuta ubao, na kila kidole kilipopita, midomo yake ilibaki mahali pake, ila Abshir ndiye aliyehisi kwenye mdomo wake mwenyewe baridi ikipita, katikati ya mchana ule wa moto, na alipotaka kupiga kelele kilichomtoka kooni kilikuwa kile kile, shhh, shhh.

Alikimbia. Barabarani aliwapita vijana waliomjua, waliozoea kumtania kila siku kwa lile jaketi. Hakuna aliyegeuza shingo. Akaingia kwao, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye picha yake ukutani. Fremu ilikuwepo. Kiti cha studio kilikuwepo, na maua ya plastiki. Kwenye kiti palikuwa na chembe nyeupe na nyeusi zinazocheza, kama televisheni iliyokosa antena.

Saynab akainuka mkekani. Akamtazama kwa upole wa mtu anayempokea mgeni.

"Karibu, kijana. Unamtafuta nani?"

Abshir akavua jaketi, akalitundika kwenye msumari wake wa siku zote ili amtambue, akajipiga kifua. Akapiga magoti. Akafungua mdomo amwite mama, hooyo, hooyo, na chumba kikajaa mvumo.

Saynab akarudi nyuma hadi ukutani. "Hapa hakuna wanaume," alinong'ona. "Nimeishi peke yangu. Mungu hakunipa mtoto. Toka, tafadhali."

Basi palibaki mahali pamoja tu. Maalim Kulow, mwalimu wa dugsi, madrasa ya Kurani, ndiye aliyetoa majini ya mji ule kwa miaka mingi. Wakati ule watoto walikuwa wakisuuza loho zao, vile vibao vya kuandikia aya, na maji yenye wino wa aya yalikuwa yamekingwa kwenye beseni, kwa ajili ya wagonjwa. Abshir akaingia akiyumba, mikono mbele. Watoto walisikia mvumo, hawakuona mtu. Maalim aliona kitu: umbo lenye mikono, lisilo na uso wa kukumbukwa, linalopumua kama redio mbovu.

"Nyuma yangu, wanangu," alisema. "Msilitazame."

Akasoma Ayatul Kursi, sauti ikipanda, na Abshir akatikisa kichwa, akajionyesha kidole, akamshika joho kwa mkono ambao tayari ulikuwa unapitisha mwanga, akitaka kumwambia maalim ni mimi, mimi mwana wa Saynab niliyekukarabatia spika za msikiti, lakini maalim hakusikia jina, alisikia jini, akachota maji ya loho kwa viganja viwili, akamrushia.

"Toka kwa amri ya Mwenyezi Mungu."

Palipoangukia tone, palifutika, kama wino kwenye loho.

Abdille aliporudi kutoka Elwak, hata viatu hakuvua. Akakaa mbele ya televisheni kujiona. Badala yake alimwona Kaaha, mzima, amevaa nyekundu, akicheka katikati ya wageni wa harusi. Akalia kimya kimya. Sharifo alikaa karibu naye, akamwachia alie.

"Yule nani?" Abdille aliuliza baadaye, akionyesha pembeni ya skrini. Kati ya wageni alisimama kijana mwenye jaketi la ngozi, waya shingoni, mdomo wazi kabisa, macho yamewaelekea wao.

Sharifo alilijua jina la kijana yule. Lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, kisha halikuwepo.

"Sijui," alisema. "Labda fundi."

Kaseti ilipotoka, pengo la mgongoni lilikuwa wazi. Na kule kwa Saynab, majirani waliulizwa wiki nzima jaketi lile lililoachwa msumarini ni la nani.